Shule ya jirani tunaihukumu kwa "nimesikia"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, maana barua ya wiki iliyopita ya yule mzazi aliyesema shule za serikali za mitaani mjini "zimejifia" imenikera, tena imenikera zaidi kwa sababu miaka sita iliyopita barua hiyo ningeweza kuiandika mimi mwenyewe.

Mi nimekaa ukuta kwa ukuta na shule ya msingi ya serikali. Asubuhi naanika nguo nawasikia watoto wanaimba tebo ya saba, wakifika saba mara nane sauti zinapungua wanabaki wawili watatu. Mwanangu alipozaliwa nikasema pale hakanyagi. Ungeniuliza kwa nini ningekujibu haraka tu, madarasa yamejaa, walimu hawajali, atajifunza matusi, ila ungeniuliza lini umeingia ndani ya lile geti ningenyamaza manake sikuwahi hata siku moja. Nilisikia tu, na aliyeniambia naye alisikia.

Mtoto akakua, umri wa shule ukafika, nikaanza kulegea (kiukweli ada za shule binafsi nazo zilisaidia kunifungua macho, nisijifanye mtakatifu). Kilichonimaliza ni mtoto wa mama wa nyumba ya tatu, anasoma pale, nikamkuta anamsomea bibi yake karatasi ya dawa neno kwa neno. Kesho yake nikaenda kubisha hodi saa nne asubuhi bila taarifa. Darasa lilikuwa na watoto wengi, hilo sikatai, lakini mwalimu alikuwa na kopo la penseli fupifupi mezani, kila penseli imebandikwa plasta yenye jina, na kabla ya kengele zote zinarudi koponi. Nikamwandikisha wiki hiyohiyo.

Sasa tatizo la haya maneno ya kusikia ni kwamba yanajitimiza yenyewe. Shule ikisemwa vibaya wenye uwezo wanahama, na sehemu nyingi pesa inafuata idadi ya watoto, kwa hiyo wanaobaki wanabaki na pungufu, halafu wale wazazi wapiga kelele wa kwenye vikao ndo huwa wa kwanza kuondoka. Chile mwaka 1981 serikali ilianza kumlipia mtoto hata akienda shule binafsi, wakati huo zaidi ya robo tatu ya wanafunzi walikuwa shule za umma, miaka thelathini na kitu baadaye hata 40% hawafiki. Chicago nao mwaka 2013 walifunga shule kama 50 kwa mpigo, wakasema madawati yako matupu. Na hapohapo Chicago mwaka 2015 watu 12 waligoma kula siku 34 wakidai sekondari ya Dyett isife, ibaki shule ya mtaa inayopokea mtoto yeyote wa pale, na mwaka 2016 ikafunguliwa tena. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wenyeji hawazitaki hizi shule.

Kingine ambacho hakisemwi ni kwamba upepo ukigeuka nako kuna karaha zake. Mtaa wetu siku hizi umepanda chati, familia mpya zinahamia na shule ileile iliyokuwa inatemewa mate sasa nafasi zinagombaniwa, ni sawa, waje. Ila kikao cha juzi mmoja wao kasimama anasema "tangu tuje sisi shule imebadilika", na mama wa nyumba ya tatu yupo pale, watoto wake watatu wamepita shule hiyo, akanitazama halafu akaendelea kukunja karatasi ya ajenda hadi ikawa ndogo kama stempu. Mwalimu ni yuleyule jamani, na kopo ni lilelile!

Huyo mzazi wa wiki iliyopita kama anasoma hapa, aende tu kwenye shule ya mtaani kwake saa nne asubuhi siku ya kawaida, asisubiri siku ya wageni manake siku hiyo kila shule ni nzuri.

Mzazi wa darasa la tatu