Zuhura, toa ule wimbo

Flagstaff, Arizona

Kwako shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo wewe, hajambo mama, hawajambo watoto na majirani wote wa Ngamiani? Huku kwetu wazima, hofu ni juu yenu tu. Baridi imeingia, mlima umeshapata theluji kileleni, nami namshukuru Mungu, kazi ipo na afya ipo. Dawa ya goti la mama nimempa Salha, atafika nayo inshallah. Salamu zilizobaki nitazimalizia chini, maana leo kuna jambo limenikaa kooni.

Jambo lenyewe ni ratiba yenu ya usiku wa mashairi. Kwanza hongera. Kuwapa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa huku Marekani, nafasi kwenye ukumbi wa Tanga, usiku mmoja na watu wa tenzi, kumenifurahisha mpaka nikamwonyesha mama mmoja Mnavajo ninayefanya naye kazi. Alicheka kwa furaha, akauliza Tanga iko wapi, tukaitafuta pamoja kwenye ramani ya simu. Kisha akataka kujua mmechagua shairi gani. Nikamfasiria mistari ya mwanzo. Akaacha kucheka, akaniuliza, "Kwani nani anaumwa?"

Swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Zuhura, toa ule wimbo. Huo mliouandika "Wimbo wa Wanavajo, mtunzi hajulikani", utoe kabla Mwalimu Kombo hajaipeleka ratiba kwa mchapaji. Ni kipande cha maombi ya tiba yao kubwa, ya usiku tisa, inayofanywa kwa ajili ya mgonjwa mmoja anayejulikana kwa jina, na mtaalamu aliyekaa miaka mingi kwa mwalimu wake akijifunza. Ina msimu wake pia: mpaka baridi ishuke, nyoka waingie ardhini na radi inyamaze. Wanachora picha kwa mchanga wa rangi, mgonjwa anakalishwa juu yake, na siku hiyo hiyo picha inafutwa. Daktari wa jeshi la Marekani, Washington Matthews, aliyaandika hayo yote, kitabu chake kikatoka mwaka 1902, na tangu hapo watu wamekuwa wakikata kipande na kukitia kwenye mikusanyiko ya mashairi ya dunia. Mgonjwa ameachwa nje, mtaalamu ameachwa nje, usiku wenyewe umeachwa nje, likabaki hilo neno "hajulikani".

Wewe umechezwa unyago kama mimi. Zile nyimbo unazijua. Ungekubali mgeni azisome ukumbini mbele ya kila mtu, halafu aseme mtunzi wake hajulikani? Bi Rukia angemwacha amalize ubeti wa kwanza?

Uzuri wa maneno yale sibishani nao. Najua kwa nini yalikushika. Lakini kuna kitu kinaniuma zaidi ya suala la ruhusa. Wimbo usio na mtunzi unamfanya msikilizaji aondoke akidhani hawa ni watu wa zamani, wamekwisha, wameacha sauti tu. Na ile picha ya mzee mwenye taji refu la manyoya mliyoiweka juu ya ratiba inaongeza papo hapo. Taji lile ni la watu wa nyanda za katikati ya Marekani, makabila mengine kabisa. Wanavajo siku ya shughuli utawakuta na blauzi za mahameli, mikufu ya feruzi na fedha, nywele zimefungwa kisogoni kwa uzi mweupe wa sufu. Itoeni na hiyo.

Wapo, Zuhura. Nchi yao imekaa ndani ya Arizona, New Mexico na Utah, ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha. Wana serikali yao Window Rock, wana rais, na wamewahi kuwa na makamu wa rais, Rex Lee Jim, ambaye ni mshairi anayetunga kwa Kinavajo. Wanateua hata mshairi mkuu wa taifa. Wa kwanza, mwaka 2013, alikuwa Luci Tapahonso, akafuata Laura Tohe mwaka 2015, na mwaka 2023 kijana Jake Skeets. Wana majina, wana vitabu, wana wajomba. Ngoja nikueleze hao wajomba, maana ndipo ninapotaka kukupeleka.

Tapahonso ni mtoto wa Shiprock, New Mexico. Ana shairi moja juu ya mjomba wake, ndugu wa mama yake, mtu mdogo wa umbo asiyejua Kiingereza. Mjomba anakuja nyumbani kwao, anasema yuko njiani kwenda dukani, anakaribishwa kahawa, na anaeleza kwa nini aina fulani ya kahawa ndiyo inayomfaa: ile ambayo kopo lake lina picha ya mtu anayekunywa. Basi. Hakuna kingine kinachotokea. Nimelisoma mara nyingi na kila mara namsikia yule mzee akiongea, na nasikia jinsi mpwa wake anavyompenda bila kusema anampenda. Hili lisomwe, nakuomba, tena mapema, watu wacheke kwanza.

Mjomba wa pili hana kahawa. Mwaka 1979 mpiga picha maarufu, Richard Avedon, alipita Gallup, mji wa mpakani mwa nchi ya Wanavajo, akampiga picha kijana mmoja, Benson James. Chini ya picha, pamoja na mahali na tarehe, likaandikwa jina lake na neno "mzururaji". Picha ikazunguka kwenye majumba ya maonyesho. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2019, Jake Skeets akatoa kitabu chake cha kwanza na picha ile ile ikawa kwenye jalada, kwa sababu yule mzururaji ni mjomba wake. Mashairi ya ndani ni ya Gallup hiyo hiyo: reli, makaa ya mawe, chupa zilizovunjika, wanaume wanaokutwa wamekufa kwa baridi pembezoni mwa mji. Mazito. Kuna kurasa nimezifunga nikatoka nje. Lakini hakuna mtu ndani yake aliyeachwa bila ndugu, na nadhani ndiyo maana sikuweza kukiacha.

Unaona ninachokisema? Mmoja anamtaja mjomba akinywa kahawa, mwingine anamrudisha mjomba nyumbani kutoka kwenye picha ya watu. Kazi ni ile ile. Nilipokwenda kumsikiliza mshairi wao mmoja hapa mjini, kabla ya shairi lolote alitaja koo zake nne: ya mama, ya baba, ya babu mzaa mama na ya babu mzaa baba. Wazee wawili waliokaa mbele yangu wakatikisa vichwa, wakaanza kunong'onezana, na baadaye nikawasikia wanamwita "mwanangu". Walikuwa hawajawahi kuonana. Ukoo wa mama ukilingana, basi ni ndugu, na adabu ya ndugu inaanza hapo hapo. Sikiliza mashairi yao kwa sikio hilo. Hata mlima ninaouona dirishani kwangu ni mmoja wa ile minne inayozunguka nchi yao, huu ndio wa magharibi, na wao wanautaja kwa heshima ya mzazi.

Najua utaniuliza, na ile habari ya kuhamishwa kwa nguvu? Mwalimu Kombo ameandika pembeni kwamba anataka "kitu cha majonzi". Majonzi yapo, hayatafutwi. Mwanzoni mwa 1864 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kanali Kit Carson, lilikuwa limeshachoma mahindi yao na kuua kondoo wao, na kiangazi chake askari wakakata mipichi yao bondeni Canyon de Chelly. Wakaswagwa kwa miguu kama kilomita 500 hadi Fort Sumner, mahali wanapopaita Hwéeldi. Walifungiwa huko mpaka 1868, maji ya mto yakiwaumiza matumbo, mahindi yakiliwa na viwavi. Walikufa kwa maelfu. Kisha wakatia saini mkataba na wakarudi kwao, nchi ile ile, jambo ambalo makabila mengi ya huku hayakulipata.

Tapahonso ana shairi refu juu ya hayo, na hilo ndilo nataka liwe moyo wa usiku wenu. Mama yumo garini na binti yake, wanapita karibu na mahali penyewe. Mama anasimulia. Kuna fundi umeme aliyekwenda kufanya kazi huko, usiku akawa anasikia vilio, akaimba, akasali, mwisho akaacha kazi akarudi kwao. Kuna shangazi anayesimulia jinsi wahenga walivyochukuliwa. Binti analia kimyakimya, hawezi kusema. Hapo mama anageuza mazungumzo: anamwambia kwamba huko Hwéeldi ndiko walikojifunzia unga wa ngano, na leo ule mkate wa kukaanga ndio mkate wao, huko ndiko walikoipenda kahawa kali, huko wanawake walianza kushona sketi ndefu za marinda, na mahameli wakayapamba kwa sarafu za fedha, maana pesa haikuwa na kazi nyingine. Linaishia kwenye fedha inayometa juani.

Zuhura, Mwalimu Kombo alilikata hapo kwenye machozi ya binti! Kwenye rasimu aliyonitumia sehemu ya mkate na kahawa haimo, amesema "inapoza". Mwambie, kwa heshima zote, ameondoa nusu ya shairi na ndiyo nusu aliyoikusudia mama. Yule mama hamnyamazishi mtoto. Anamkabidhi mkate, kahawa na sketi, vitu vya jikoni kwake anavyovigusa kila siku, ajue vilitoka wapi na kwamba waliovitoa huko walirudi hai. Lisomwe lote au lisisomwe. Mimi sina ugomvi na mwalimu wangu, unajua ninavyomheshimu, ila kwa hili sitarudi nyuma, na ikibidi nitampigia mwenyewe.

Tohe nimemwekea nafasi ndogo, lakini msimwache. Alipita shule za bweni za serikali, zile za kumwondolea mtoto lugha, na kitabu chake cha mwaka 1999 kinafunguliwa kwa barua kwa Jenerali Pratt, aliyeanzisha shule ya Carlisle mwaka 1879 na kuwa mfano wa shule zote hizo. Pratt alikufa 1924. Tohe anamwandikia hivyo hivyo, ana kwa ana. Na baba yake mzazi alikuwa mmoja wa wale askari waliotumia Kinavajo kupeleka ujumbe wa siri vitani Pasifiki, lugha ile ile iliyokuwa ikichapiwa watoto darasani. Hapo sina la kuongeza.

Mshairi wao mwingine, Sherwin Bitsui, tumwache mwaka huu. Anaanza kitabu kizima kwa neno moja, maji, likidondoka ukurasani mara saba. Ukumbini hamtaliona, na Bitsui anataka macho pia.

Sasa ombi lenyewe. Tafsiri zangu za mashairi haya nitakutumia kwa simu. Ni za kusomwa kwa sauti tu, zisichapwe, mpaka wachapishaji wanijibu kuhusu ruhusa. Na kwenye ratiba, pale penye "hajulikani", andikeni jina na koo kama anavyojitambulisha mwenyewe: Luci Tapahonso, wa ukoo wa Maji ya Chumvi kwa mama, wa Maji Machungu kwa baba. Jake Skeets nitakuandikia yake vizuri, nisikosee herufi.

Nijibu upesi basi. Ratiba imeshaondoka au bado iko mezani kwa Mwalimu Kombo? Nani atasoma lile shairi refu, wewe au yule binti wa Bi Rukia mwenye sauti nzito? Ukumbi mmepata ule wa mwaka jana, ama wamewazungusha tena? Utenzi wako juu ya babu umefika wapi, au umeuweka kabatini kwa sababu ya maneno ya yule bwana? Maana usiniambie umeuweka… Mama bado anakwenda kliniki peke yake? Na Mwanahamisi amejifungua? Tapahonso ana shairi la kuzaliwa kwa mjukuu, mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yanasikika kama farasi wanaokimbia jangwani, halafu farasi wa rangi nne wanaingia kutoka pande nne. Nimelifasiri kwa ajili yake. Mwambie pia kwamba huku Wanavajo humsubiri mtoto acheke mara ya kwanza, na yule aliyemchekesha ndiye anayeandaa karamu, na kumsaidia mtoto kuwagawia watu chumvi. Ni wa kike au wa kiume? Wamempa jina gani?

Nisalimie wote, kila mtu kwa jina lake.

Wako akupendaye,
Mwanaidi