Barua kwa Rehema kuhusu Tadoussac

Montréal

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na nyumbani wote nawasalimu. Barua yako ilinikuta salama. Uliniuliza kama huku Kanada kuna cha kale chochote, au ni maghorofa na theluji tu. Nimetoka Tadoussac, shoga yangu, kijiji kidogo cha jimbo la Quebec, pale Mto Saguenay unapoingia Mto Saint-Laurent. Barabara inafika majini inakatika. Magari yanavushwa kwa pantoni, bure, usiku na mchana.

Wengi huanza kusimulia mwaka 1600, Mfaransa Pierre Chauvin alipojenga pale nyumba ya biashara ya ngozi za wanyama. Aliporudi kwao aliacha watu 16 wapitishe majira ya baridi. Njaa na maradhi yakawaandama. Wakasalia watano, nao walikuwa wamekimbilia kwa Wainnu, wenyeji wa pale, wakapokewa na kulishwa. Nyumba ile imejengwa upya kwa magogo. Nimesimama mlangoni mwake na moyo wangu wote ulikuwa kwa hao Wainnu. Mababu zao walikutana na kubadilishana mali mahali pale tangu zamani sana, meli ya Ulaya haijatia nanga. Tena mwaka 1603, kwenye karamu ng'ambo ya Saguenay, chifu wao Anadabijou ndiye aliyewakubalia Wafaransa kukaa, mpelelezi wao Champlain akiwapo. Mji wa Quebec umeanza miaka mitano baadaye! Mtu akiniambia kijiji kilianzishwa na Wafaransa, simkubalii.

Lipo pia kanisa dogo la mbao, la mwaka 1747, kuta nyeupe, paa jekundu, limeelekea majini. Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, waliwajengea Wainnu.

Na nyangumi, Rehema! Beluga, weupe pepepe. Miaka ya 1930 serikali ya jimbo ililipa watu wawaue, kwa kuwa wavuvi waliamini wanawamalizia samaki wao. Inaniuma kweli, maana wamelindwa kisheria tangu 1979 na mpaka leo hawajarudi kuwa wengi kama zamani. Nilikaa kwenye miamba, migongo ikaibuka miwili mitatu, na pumzi zao nikazisikia waziwazi.

Ukija, njoo kiangazi, nitakupeleka. Viza uianze mapema, huwa inachelewa. Na uniambie mama anaendeleaje na mguu.

Akupendaye,
Saida