Vitabu vya Dormammu msivichome

Mhariri, asalaam aleykum. Mie mkaazi wa Wete, naandika kwa ajili ya ile barua mlotoa ya msomaji anaesema vitabu vya zamani vya katuni za kichawi vina mashetani na wazee wavichome moto. Mimi ninavyo, marehemu ami yangu alikuwa baharia akaja navyo, na nimevisoma tangu niko skuli.

Huyo Dormammu, shetani wa kwenye vitabu hivyo, alochorwa na Steve Ditko na kuandikwa na Stan Lee, alitoka kwenye kitabu cha katuni Strange Tales namba 126, Novemba 1964. Kichwa chake moto mtupu, anatawala ulimwengu wa giza na anaitaka na dunia yetu. Doctor Strange, mganga mwema wa hadithi hizo, anatumwa na mwalimu wake akamzuie, na ukweli hamuwezi, hata kidogo. Sasa namba 127 ndo raha yenyewe, kule kuna madude hayana akili yamezuiliwa na ukuta wa uganga, ukuta ukalegea, Dormammu anayazuia peke yake mpaka anaelemewa, na Strange badala ya kukaa pembeni amuangalie anajitosa akampa nguvu zake, maana yale madude yakipita watu wa kule wote wamekwisha. Hapo shetani keshaingia deni. Strange akamwambia niapie hutoivamia dunia, na akaapa huku roho inamuuma.

Alokulia Pemba hapa hahitaji kuelezwa. Mganga akishampandisha pepo hapigani nae, anamuuliza jina lake, anataka nini, anawekewa chano, yaani sinia la vitu anavyovitaka, kisha anaahidi atamuacha mgonjwa. Mie nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani Ditko kakaa ngomani kwetu.

Halafu angalieni ujanja wa Dormammu, kiapo hakukivunja, alikizunguka! Namba 130 ya Machi 1965 anampa nguvu zake Baron Mordo, mchawi adui wa Strange, ili Mordo ndo amfate Strange, yeye mikono yake iko safi. Mtoto akisoma hivo anajifunza kuabudu shetani wapi? Anajifunza kusikiliza maneno ya mtu anapoapa, neno kwa neno.

Na nna ombi kwa wachoraji wetu. Popobawa, lile shetani linalotisha watu usiku huku kwetu, kila nikimuona kachorwa ni popo mwenye jicho moja basi. Mwaka 1995 watu tulilala nje kwa ajili yake, baba, mama, watoto, majirani tumejikusanya tumekoka moto usiku kucha, hofu ile naikumbuka mpaka leo, lakini hakuna alomchora anazungumza, anataka nini, nani kamtuma, kaapa nini na kwa nani. Mpeni mchoraji kijana nafasi gazetini hata nusu ukurasa kwa wiki ajaribu.

Hizo namba 126 na 127 naweza kukuleteeni ofisini mzisome wenyewe, ila nawaomba mnirejeshee na msizikunje, karatasi zishakuwa manjano na pembeni zinamomonyoka.

Msomaji wenu, Wete, Pemba