Nilidanganya saa

Shoga angu Rehema,

Za siku nyingi, mie nipo, watoto wazima, Mama Zuwena anakusalimia na bado anakudai sufuria lake. Samahani kwa kimya, sina sababu ya maana, ni aibu tu, na hiyo aibu ndo nataka nikwambie leo kabla sijaghairi.

Si unajua wananihamisha dawa, toka hii methadoni ya kutuachisha unga. Ilianza na moyo. Walinipima kile kipimo cha kubandikwa vinata kifuani, namba yao wanaiita QT, ya muda wa umeme wa moyo kila pigo, ikasoma 512, daktari akasema ikishavuka 500 methadoni inaweza kuuvuruga moyo mpaka mtu unadondoka tu, kwa hiyo nipunguze dozi afu nihamie buprenofini, nayo ya kazi ile ile, maana hiyo haiusumbui moyo kiasi hicho. Nikashushwa toka miligramu 80 mpaka 30, polepole, wiki kwa wiki, usingizi ukahama, miguu inapiga mateke usiku kucha mpaka baba watoto akahamia sebuleni. Namba nayo imeshuka ila bado hawaipendi. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni masaa 48.

Hebu fikiria, miaka yote ile tuliyobwia unga tulikuwa tunakimbia nini kama sio arosto? Wizi wote ule, uongo wote ule, kumbe ni kukimbia kitu kimoja. Leo naambiwa niifuate mwenyewe kwa miguu yangu, nikae siku mbili bila methadoni, kamasi zitoke, miayo, malaika zinisimame mwilini, nikishaumwa vya kutosha ndo nije kliniki wanipe kidonge. Nikasema sawa. Mdomo unasema sawa, tumbo linasema haya tutaona.

Methadoni ya mwisho nikanywa Jumatatu asubuhi. Jumanne usiku saa mbili nikaingia bafuni, kulikuwa na chupa moja ya zile za kwenda nazo nyumbani nilikuwa nimeibania nyuma ya sabuni, nikanywa nusu yake nimesimama gizani. Hata taa sikuwasha. Utadhani gizani haihesabiki.

Jumatano asubuhi nesi ananiuliza, mara ya mwisho lini? Jumatatu. Akanihesabu mapigo, akaniangalia jasho, mie napiga miayo ya uongo na kujikuna kama nina upupu, akanimulika macho akasema mbona mboni zako bado ndogo? Nikamwambia ndo zilivyo tangu nizaliwe. Shoga, miayo inaigizwa, mboni haziigiziki, na yule dada aliliona hilo, akanitazama kidogo, ila foleni ilikuwa ndefu na mie nilikuwa nishaanza kununa. Akanipa miligramu 2 chini ya ulimi, usimeze, usiongee, iache iyeyuke.

Dakika arobaini haikufika. Sitaki kuisimulia yote. Ile arosto ya kawaida inakuja pole pole, unaiona kwa mbali, hii ilikuja yote kwa mpigo, natapika, naharisha, jasho mpaka kwenye viganja, nikalala sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi. Walitaka kuniongezea buprenofini hiyo hiyo maana wanasema ndo inayotuliza, nikapiga kelele kama nachinjwa, nikakataa, kesho yake wakanirudisha methadoni.

Nesi alinieleza baadaye. Anasema hii dawa ina mkono wa chuma, ikifika inaing'oa methadoni kwenye kiti na kukalia yenyewe, ila kiti chenyewe haikijazi. Kama kiti kilishaanza kuwa kitupu unapata nafuu. Kama kilikuwa kimejaa, unakuwa umeporwa. Akaongeza, lakini wewe masaa yako yalitimia, ajabu. Nikanyamaza.

Faili langu sasa limeandikwa nilikaa masaa 48 na mwili ukaikataa dawa. Kila mtu ananipa pole. Bi Salma kwenye kikundi anawaambia wageni kabisa kwamba buprenofini haimfai kila mtu, mwangalieni huyu yaliyomkuta. Na yule binti wa benchi la mwisho, naye alikuwa ahame, kaghairi kwa ajili yangu. Kaniambia mwenyewe, dada nimekuona, mie sithubutu. Nikamjibu nini? Nikamwambia usijali mdogo wangu. Mpuuzi mimi.

Sasa daktari kaja na njia nyingine, anasema ilianzia Bern huko Uswisi, waliiandika 2016. Huachi methadoni. Unaanza na kipande cha kidonge, robo tu, unaendelea na methadoni yako, kesho unaongeza kidogo, keshokutwa tena, mpaka siku ya saba nane hivi buprenofini imeshakaa vitini kimya kimya bila kugombana na mtu, ndo methadoni inakatwa. Hakuna masaa 48. Nilitaka kumbusu. Afu nikakumbuka kaichagua kwa sababu ya uongo wangu, na hata hii bado inategemea mie kusema kweli kila siku nimemeza nini na saa ngapi.

Na ile nusu chupa bado ipo. Sijaimwaga. Ndo ombi langu, uje ukae nami hiyo wiki, chupa zote ushike wewe, na ile naloksoni ya kumzindua aliyezidisha uiweke mahali unapajua, maana nikichanganyikiwa nikarudia dozi zangu za zamani, huu mwili wa sasa hauziwezi tena.

Wewe ulihama toka bupre kwenda methadoni, kesho yake tu ukanywa ukaendelea na maisha, nilikuonea wivu. Lakini Kassim si alikaa siku zile zote bila kitu chochote ndo akaanza naltreksoni, ile inayoziba unga usifanye kazi? Alizikaaje? Na alikuwa mkweli au naye ana chupa yake nyuma ya sabuni?

Niambie, nimwambie nesi? Wataninyima chupa za nyumbani? Yule binti nianze naye au nianze na daktari? Utakuja? Naanza Jumatatu ijayo, ukija hata Jumapili usiku nitakuwa macho.

Wako,
Mwana