Kwa binti zangu wa soko la Busia

Bwana Yesu asifiwe, wanangu.

Alhamisi iliyopita, watu walipotawanyika baada ya sala, mmoja wenu alibaki amekaa juu ya gunia lake la mahindi akaniuliza, "Mama, nitafurahi lini tena?" Mume kaondoka, mtaji umekwisha, mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilimshika mkono, neno likanikosa. Amenipa ruhusa niwaandikie nyote, maana najua swali si lake peke yake.

Sisi huku tunahesabu mwaka kwa mvua: ya Machi hadi Mei, na ya Septemba hadi Novemba. Katikati ni jua. Mama yangu alilitumia jua hilo kuchagua mbegu. Aliketi kwenye jamvi na ungo wake, akitoa maharage yaliyotobolewa moja moja, kisha akayachanganya na majivu, akayatia kibuyuni na kuziba mdomo kwa majani makavu ya mgomba. Huku anaimba! Kuna usiku tulilala kwa uji mwepesi na kibuyu kiko pale pale juu ya uchaga, hakiguswi. Nilimwona mkali. Kumbe alikuwa ameshaiamini mvua ambayo hajaiona.

Nabii Habakuki alitaja hasara yote kwanza: mtini, mizabibu, mzeituni, zizi tupu. Ndipo akasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Hakuficha kitu. Huwa naumia nikisikia mjane akikatazwa kulia eti kulia ni kukosa imani. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, naye alijua atamfufua.

Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda alipouawa, kaburi lilichimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lakini serikali ya Idi Amin haikuutoa mwili. Ukazikwa kwao Mucwini. Waumini wakakusanyika penye kaburi tupu, wakakumbushwa maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Mimi nilikuwa mke mchanga, sukari na sabuni ni za magendo, watu wanazungumza kwa kunong'ona. Habari ya kaburi lile ilinitia nguvu kuliko mahubiri mengi niliyosikia tangu hapo.

Nanyi mna yenu. Mwaka 2020 mpaka wa Kenya na Uganda ulipofungwa kwa ajili ya korona, malori yakapita, ninyi mkabaki na nyanya zinaoza. Kundi hili lilianza siku zile, wanawake wanne tu, tumekaa mbalimbali.

Sasa wewe uliyeniuliza. Lia, mwanangu, ila mbegu usiile. Kibanda chako usikiuze kwa hasira ya mwezi mmoja. Sala ya alfajiri usiiache, hata ikiwa ni "Bwana, nimeamka" basi. Na hawa dada zako usiwakwepe kwa aibu; nimekuona ukipitia njia ya nyuma.

Ninyi mnaouza vizuri msimu huu, msimwambie "Mungu atatenda" mkamwacha hapo. Karo ile tuichange kabla hajatuomba. Mimi nilipofiwa na baba yenu, kuna aliyeniletea debe la mahindi usiku, akaliacha mlangoni akaenda. Hadi leo simjui, na kila nikisaga namwombea. Furaha yangu ilianza kurudi siku ile, kidogo kidogo, nikiyapepeta.

Alhamisi nitaleta chai na mihogo. Niachieni nafasi kwenye lile gunia.

Mama yenu