Ile Kanga Naijua: Barua ya Wazi kwa Madaktari Vijana wa Mtwara na Lindi

Wajukuu zangu, ninyi mlio kwenye mafunzo kwa vitendo na ninyi mlioajiriwa juzijuzi, salaam kutoka Mikindani.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 34 katika mikoa yetu hii miwili, sasa nimestaafu. Jioni baada ya magharibi mjukuu wangu hukaa nami barazani, akanifungulia video zenu za kuchekesha kwenye simu. Ile ya daktari anayeamshwa saa tisa usiku kwa ajili ya dripu iliyoziba, akavaa koti lake nje-ndani, tuliirudia mara nne. Na ile ya raundi: bingwa anauliza swali, mara kila mmoja wenu anaanza kuchunguza viatu vyake. Nilicheka nikashika ukuta. Viatu hivyo navijua, niliviona vikichunguzwa na wengi ambao leo ni mabingwa.

Tena zina faida. Jirani yangu, mchuuzi wa pweza, alikataa kupima presha miaka na miaka. Anasema mashine yenyewe ndiyo inayoipandisha. Mmoja wenu akaigiza daktari anayeiogopa mashine yake mwenyewe, anaifungua huku amefumba macho. Mama yule akacheka, na wiki ileile akaenda zahanati. Mimi nimemsihi tangu nikiwa kazini, sikumfikisha hata mlangoni. Kwa hiyo msije mkadhani bibi amekuja na fimbo. Chekesheni.

Lakini ipo video moja iliyoninyima usingizi. Daktari kijana amesimama wodini, anaigiza jinsi wagonjwa wa huku wanavyoeleza maradhi yao: sauti ameivuta, lafudhi ameikunja, kila neno amelitia chumvi. Watazamaji wanacheka. Nyuma yake kuna kitanda. Sura ya aliyelala haionekani, imefichwa vizuri. Kanga yake ndiyo haikufichwa, na jina la kanga linasomeka. Ile kanga naijua. Nilikuwepo siku anatunzwa nayo kwenye harusi ya binti yake. Mji huu ni mdogo, wanangu. Mkificha uso mkaacha kanga, sauti, au hata kikapu cha uji kilicho chini ya kitanda, mmeshamtaja mtu kwa jina lake na la baba yake.

Sisi watu wa kusini tumekua ndani ya utani. Mtani huja msibani akalizuia jeneza mpaka apewe chochote, akaigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburi lichimbwe, na kwa sababu kesho msiba ukiwa kwake, wewe nawe utamfanyia vilevile. Ana deni na wewe, nawe una deni naye. Mgonjwa aliyelala hana zamu yake ya kukutania. Hajui hata kama umemtania. Hilo si utani tena, mtu mmoja tu anacheka na mwingine anachekwa.

Nasema hivi kwa kuwa nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na miezi michache kazini, hospitali siitaji. Alikuja mama mjamzito kutoka vijijini, akanieleza kwamba tumbo linamtembea. Saa ya chai nikawaigizia wenzangu, nikatembea vile alivyotembea, nikasema vile alivyosema. Tulicheka sana. Nilipogeuka, mama yuko upande wa pili wa pazia, anasubiri kadi yake ya kliniki. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaondoka. Mimba iliyofuata hakuja kliniki hata mara moja. Aliletwa kwa machela siku ya tatu ya uchungu, mtoto ameshafariki tumboni. Yeye tulimwokoa. Nilipokwenda kumbadilishia shuka aligeukia ukutani, na mpaka anaruhusiwa hakunitazama.

Siwezi kuapa kwamba ni kicheko changu kilichomzuia. Labda ilikuwa nauli, labda mvua. Lakini sikuwahi kumuuliza, na sasa sitamuuliza tena.

Na hayo maneno ya wagonjwa wetu mnayoyaona ya kuchekesha, hebu yatazameni upya. Mwaka 1952 homa ilizuka huko juu, uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Watu waliumwa viungo hadi wakatembea wamepinda. Wenyewe wakauita ugonjwa kwa Kimakonde, neno lenye maana ya kukunja au kupinda. Madaktari waliokuja kuuchunguza hawakuliigiza neno lile, waliliandika. Leo chikungunya imo katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima, nanyi mliikariri chuoni, pengine bila kujua kwamba mlikuwa mnamkariri bibi wa Newala anayeeleza anavyoumwa.

Mjukuu wangu amenionyesha pia Mmarekani mmoja, Will Flanary, bingwa wa macho, mtandaoni hujiita Dr. Glaucomflecken. Alinitafsiria. Bwana yule anaigiza watu wote peke yake: daktari wa upasuaji mwenye haraka, wa mifupa, wa dharura, kila mmoja na vituko vyake. Kampuni za bima anazichapa bila huruma. Mwenyewe ameugua saratani mara mbili, na mwaka 2020 moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Mkewe Kristin alimkandamiza kifua kama dakika kumi mpaka msaada ukafika. Bwana huyo naye amewahi kulazwa kama mgonjwa, anajua shuka la wodini linavyonuka. Nilichokiona ni kwamba anawacheka wenye nguvu, kuanzia na yeye.

Mtaniambia mgonjwa aliruhusu. Mwanangu, nani atakukatalia wakati sindano iko mkononi mwako? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Baraza la Madaktari mnalijua, hayo sitayarefusha. Igizeni nyumbani. Shuka lenu wenyewe, mto wenu, koti mmoja avae na mwingine avue. Mkihitaji mgonjwa, mlazeni mwenzenu wa zamu aliyechoka, hatakuwa na kazi ya kuigiza. Na mkikosa visa, njooni kwangu. Nina vya mabingwa na wakunga vya kutosha msimu mzima wa korosho.

Na wewe uliyeichukua ile video, jina lako sikuliandika hapa na sitaliandika. Ifute leo. Kisha Jumamosi asubuhi, ukitoka zamu, pita Mikindani unichukue tuende pamoja. Mwenye kanga ile amesharuhusiwa, yuko nyumbani, na nyumba naifahamu.

Ni mimi bibi yenu,
Mkunga mstaafu, Mikindani