Fungueni piano, fundisheni na nyatiti

Mhariri,

Kuna ukumbi hapa Kisumu wenye piano iliyofungwa kwa kufuli. Unyevu wa ziwa umevimbisha mbao. Ukibonyeza upande wa sauti nzito, vitufe vingine havirudi juu. Inaniuma sana, maana watoto wenye hamu ya kujifunza wamejaa mitaa ya Nyalenda na Manyatta.

Walimu wa piano nao nawasihi. Mwanafunzi anacheza Bach vizuri, na ninampongeza, lakini nyatiti, ala ya jadi ya Waluo yenye nyuzi 8, hajawahi kuishika. Mpiga nyatiti huchapa mdundo kwa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu huku vidole vya mikono vikicharaza nyuzi. Wapiga gitaa wa muziki wa benga walichota hapo. Kwa nini mkono wa kushoto wa piano usifundishwe mdundo huo? Washington Omondi, mmoja wa waliotayarisha Wimbo wa Taifa mwaka 1963, aliutafiti muziki wa nyatiti hadi chuo kikuu.

Wahusika waite fundi, wafungue ukumbi hata Jumamosi pekee, na wamlipe mzee mmoja wa nyatiti aketi kando ya piano.

Mzazi,
Kisumu